Milango miwili, bibi katikati: shajara ya picha ya paneli tatu

Januari, wiki ya pili

Paroko amekubali. Picha itakaa kwenye kikanisa cha pembeni, mkono wa kushoto unapoingia, si nyuma ya altare kuu. Ametoa sharti moja tu: kusiwe na kitu kitakachowafanya watu waogope kuingia kusali. Nimemwahidi, na ahadi hiyo nimeibeba kwa uzito, maana kazi yenyewe inahusu ugonjwa uliofunga nyumba nyingi hapa Kagera.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: ninachora picha ya paneli tatu yenye milango miwili inayofunguka na kufungwa kama ya kabati. Paneli ya kati ina upana wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 180. Kila mlango una upana wa sentimita 80, ili ikifungwa ikutane katikati na kuifunika paneli yote. Kwa hiyo kuna sura mbili: ya nje, itakayoonekana siku nyingi za mwaka, na ya ndani, itakayofunguliwa kwa siku zake.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Jina la kitaalamu lilikuwa halijafika vijijini, watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kilichofuata kila ukoo wa hapa unakijua. Picha hii ni ya waliokufa miaka ile, na ya waliobaki kulea.

Januari, mwishoni

Watu wa kigango wananiuliza kwa nini nisichore ukutani tu. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu ukutani kazi ingekuwa nusu na gharama robo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani: matukio matano makubwa ya maisha ya Kristo katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, na Njau akamweka Kristo katika mandhari ya pale pale, majeraha ya watu yakiwa bado mabichi. Kwa ujasiri ule ninamheshimu kuliko mchoraji mwingine yeyote wa Afrika Mashariki. Lakini ukuta uko wazi saa zote. Msiba wa miaka ya themanini na tisini si kitu cha kumkuta mjane machoni kila Jumapili bila yeye kutaka.

Ndiyo maana kila mara ninarudi Colmar, Ufaransa, kwenye picha ya milango ambayo Matthias Grünewald, mchoraji Mjerumani, aliichora kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim. Watawa wale waliendesha hospitali. Wagonjwa wao wengi walikuwa wamekula mkate wa nafaka iliyoingiwa na kuvu: ngozi iliwaka, vidole na miguu ikaoza, mwisho wengi walikatwa viungo. Sehemu ya tiba ilikuwa kumleta mgonjwa mbele ya picha.

Alichokiona mgonjwa, milango ikiwa imefungwa, ni Kristo msalabani mwenye ngozi ya kijivu inayoelekea ukijani, iliyojaa vidonda, vidole vimekakamaa na kutanuka. Ni mwili wa mtu wa wodi ile ile. Na tazama mahali milango inapokutana: mwili haukuwekwa katikati kabisa, umesogea kidogo, lakini mkono mmoja unavuka mpasuko. Ukifungua milango, mkono unaachana na mwili. Mgonjwa aliyekatwa mkono aliliona hilo bila kuelezwa na mtu. Kisha nyuma ya milango anakuja Mariamu na malaika, anakuja mtoto mchanga, na mwisho kulia Kristo anayepaa ndani ya duara la mwanga, ngozi yake safi, hana hata kovu moja zaidi ya yale matakatifu.

Siku hizi, katika jumba la makumbusho la Unterlinden, paneli zimetenganishwa ili mtalii azione zote kwa mzunguko mmoja. Nawaelewa, mbao za miaka 500 si za kufunguliwa na kufungwa kila wiki. Lakini mgonjwa wa 1516 hakuuona Ufufuko kila alipotaka. Alingoja sikukuu, na wengine walikufa wakiwa wameona sura ya nje tu, wakijua kwamba ya ndani ipo. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha kiroho cha picha ya paneli: ina jambo ambalo halitoki mpaka mtu anyanyuke alitoe kwa mikono yake, kwa siku yake.

Niongeze hili, maana nimeulizwa. Zile picha za vipande vitatu au vitano zinazotundikwa juu ya sofa, Karamu ya Mwisho ikiwa imekatwa, au aya iliyogawanywa, zinapamba nyumba na sina neno nazo. Ila ukiviunganisha vipande hakuna kinachopotea. Picha ya paneli ninayoisema hapa ukiiunganisha unaiua.

Februari

Mbao. Fundi seremala alinishauri fremu ya mninga, na ninamshukuru. Mninga ukishakauka vizuri hausinyai wala kuvimba sana, na Bukoba ni mji wa mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Paneli zenyewe ni plaiwudi: milimita 18 kwa ya kati, milimita 12 kwa milango.

"Mwalimu, milango usiifanye mizito," aliniambia. "Bawaba haijali kama ni picha au ni mlango wa choo. Ikichoka inashuka."

Tumeweka bawaba nne kila upande. Nimepaka gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa chaki, tabaka juu ya tabaka, nikisugua kwa msasa kila likikauka, na nimepaka pande zote mbili kwa idadi sawa. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande wa pili na kupinda, na mlango uliopinda hauwezi kufungwa.

Jumatano ya Majivu

Leo nimekaa mbele ya paneli nyeupe nikiamua kitu cha kati. Altareni Wakatoliki tumezoea msalaba katikati. Lakini msalaba mkubwa tayari upo, juu ya altare kuu, na sitaki kuweka wa pili wa kushindana nao.

Kilichonifungulia njia ni kazi ya wanawake wa Afrika Kusini. Mwaka 2005, katika kijiji cha Hamburg, Eastern Cape, zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake, walitengeneza picha ya milango kwa kufuata mpangilio wa ile ya Isenheim, ila kwa sindano, nyuzi, shanga na waya badala ya brashi. Inaitwa Keiskamma Altarpiece, kwa jina la mto wa kwao, na aliyeuanzisha mradi, Carol Hofmeyr, ni daktari na msanii kwa pamoja. Kijiji kile kilikuwa kinazika watu kama sisi tulivyokuwa tunazika. Sura ya nje, mahali pa Kristo msalabani, wamemweka mjane. Ukifungua, unaona pwani yao na viumbe vyake, watu wanaabudu, dunia iliyopona. Ukifungua tena, kwenye kina cha mwisho, unakutana na picha za kamera, ukubwa wa mtu halisi, za bibi watatu na wajukuu wao.

Nililitafakari hilo kwa muda mrefu. Katika kina kile kile, Grünewald alikuta sanamu tatu za mbao zilizochongwa kabla yake: Agostino, Antoni na Yeronimo. Watakatifu watatu. Wanawake wa Hamburg walipofika pale hawakuandika maelezo yoyote, waliwaweka tu bibi watatu mahali pa watakatifu watatu. Mwezi Agosti 2006 kazi hiyo ilionyeshwa Toronto, katika kanisa kuu la St. James, wakati wa mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, na naamini walioiona walielewa nani aliyekuwa akiushikilia ulimwengu wakati dawa bado zinasubiriwa.

Basi katikati atakaa bibi. Nimeamua leo na sitabadilisha. Usiku, mkekani, koroboi mbele yake, wajukuu wamelala wamemzunguka. Yeye peke yake macho. Yesu aliwauliza wanafunzi wake pale Gethsemane kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Bibi zetu walikesha miaka.

Machi, masika yameanza

Kitambaa cha lubugo kimefika kupitia Mutukula, mpakani na Uganda. Nilikiagiza kwa ajili ya sura ya nje.

Lubugo ni gome la mti wa mutuba. Baganda hulibandua wakati wa mvua, wakati utomvu umejaa, kisha wanaufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote gome jingine. Mti mmoja huvunwa miaka mingi. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mifereji mipana kwanza, myembamba baadaye, mpaka linalainika na kutanuka na kupata rangi ya udongo mwekundu. Ukoo wa Ngonge ndio uliokuwa ukitengeneza la Kabaka, mfalme wao. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu wote. Lubugo huvaliwa siku za sherehe, na maiti huvikwa.

Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyelifanya lubugo lijulikane katika uchoraji wa leo. Anachora juu yake kwa rangi ya mafuta na kuyaacha matundu na mishono ionekane. Mimi sikusudii kuchora juu yake. Nilipokitandaza mezani karakana nzima ikanuka moshi na msitu. Kina matundu matatu makubwa na michirizi mingi ambako gome lilichanika likipigwa. Nimekaa nalo, nimelipitisha kiganja, na nimeona kuchora pale juu kungekuwa kumziba mdomo mtu anayesema.

Kwa hiyo sura ya nje haitakuwa na sura ya mtu. Lubugo litafunika milango yote miwili, na mchoro pekee utakuwa ule mstari wa wima ambapo milango inakutana.

Hapa ninamkumbuka Barnett Newman, mchoraji wa Marekani. Alipata shambulio la moyo mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaanza mfululizo wa picha 14 alizozimaliza 1966: Vituo vya Msalaba, yaani hatua 14 za mateso ya Yesu. Mtu anayeingia akitafuta Simoni wa Kirene au Veronika hawapati. Kuna turubai isiyopakwa kitu, nyeusi, nyeupe, na mistari ya wima. Zote 14 ni kilio kimoja, kile cha msalabani: kwa nini umeniacha. Ziko Washington, na wapo wanaosema haziwezi kuitwa Vituo kwa sababu hazisimulii. Sikubaliani nao. Aliyewahi kukaa hospitalini na mgonjwa wake usiku anajua kwamba kilio kile hakina hadithi ndani yake.

Machi, mwishoni

Namna ya kubandika: lubugo linaloweshwa kidogo kwanza, gundi nyepesi inapakwa kwenye ubao, kisha kitambaa kinasukumwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa viganja, siyo kwa ubao wala rola. Likikauka linavuta, kwa hiyo pindo liachwe la kutosha. Mlango wa kulia umekaa vizuri. Wa kushoto una mkunjo mdogo juu, na nimeuacha.

Aprili, baada ya Pasaka

Majina.

Nilijua swali litakuja. Katika kikao cha jumuiya, kijana mmoja alisema picha ya kumbukumbu isiyo na majina haina maana, na kwamba kila familia iandike wake. Kukawa kimya. Kisha mama mmoja wa makamo akasema dada yake alizikwa watu wakiambiwa ni malaria, watoto wa dada wameoa na kuolewa wakijua ni malaria, na yeye haoni kwa nini awavunjie hiyo leo. Wote wawili walikuwa na haki. Nilitoka pale sijui niseme nini.

Aliyetuvusha ni bibi mmoja ambaye sikutarajia angesema. Alikuja karakana siku ya tatu, akiwa na fimbo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukiona hicho kitambaa."

Akakitazama kwa karibu sana, macho yake hayaoni vizuri tena. Akaweka kidole kwenye tundu moja. "Haya ya zamani tulikuwa tunayashona," akasema. "Limechanika, unalishona, unaendelea kulivaa." Akaniuliza kama nina sindano.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kila anayetaka anakuja, anashona mshono mmoja kwenye lubugo, kwa uzi wake mwenyewe kutoka nyumbani, na hatamki ni wa nani. Wengine wametamka. Wengi hawakutamka. Kuna uzi mweusi wa kushonea viatu, uzi wa kitenge, uzi wa sufu wa sweta ya mtoto wa shule. Baba mmoja hakujua kushika sindano na binti yake akamwongoza mkono. Mzee wa msikiti wa jirani naye alifika. Mdogo wake alikufa mwaka 1991. Aliniuliza, kwa adabu kubwa, kama ndani ya kanisa kuna nafasi ya mdogo wake. Nikampeleka kwenye mlango wa kushoto. Sura ya nje haina kiumbe, ni gome na nyuzi tu, na alishona pale juu penye mkunjo.

Mimi nilishona wa mama yangu mdogo.

Mei

Paneli ya kushoto, ndani: kibanja, shamba la migomba la nyumbani, usiku. Kwetu wafu wanazikwa nyumbani, kwenye migomba, kwa hiyo makaburi yako mle mle kunakotoka chakula. Nataka mtazamaji kwanza aone giza tu, halafu akikaa aanze kuona.

Mwalimu wa jambo hili ni Mark Rothko, mchoraji wa Marekani. Kanisa dogo la Houston, Marekani, linaloitwa kwa jina lake lilifunguliwa 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Lina pande nane na picha 14, tisa kati yake zikiwa zimepangwa tatu tatu. Ukuta wa mbele, zile tatu zinalingana kimo. Kuta za mashariki na magharibi, ya kati imeinuliwa juu ya wenzake, na macho ya Mkristo hapo hapo yanaona msalaba ambao haukuchorwa. Wanaoingia ni wa dini zote na wasio na dini. Rangi unazodhani ni nyeusi, ukizikalia, zinageuka zambarau iliyoiva na wekundu wa damu ya zamani, na zinabadilika kadiri wingu linavyopita juu ya paa, kwa kuwa mwanga unatoka juu.

Nimefuata njia hiyo: kahawia, juu yake bluu nzito, juu yake zambarau, kila tabaka jembamba mno na kila moja likikauka kabla ya jingine. Rangi nyeusi ya kopo haijaingia hata kidogo. Makaburi ni mahali ambapo sikupaka tabaka la mwisho. Nimemwomba paroko asiweke taa ya tyubu kwenye kikanisa, dirisha la mashariki linatosha. Amesema atafikiria.

Juni

Paneli ya kulia ndiyo iliyonipa shida kuliko zote, kwa sababu ni mahali pa Ufufuko. Grünewald ana lile duara la mwanga. Mimi mwanga wa namna ile siwezi kuuchora kwa watu ninaowajua, wangejua ninasema zaidi ya nilichokiona.

Nilichokiona ni hiki. Dawa za kufubaza makali ya VVU zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Watu waliokuwa wamekwisha kuandaliwa sanda walisimama. Jirani yetu aliyekuwa akibebwa kwenda kliniki alirudi kulima. Kila siku, saa ile ile, wanaume kwa wanawake, wanatoa kidonge, wanachota maji, wanameza. Miaka ishirini sasa.

Basi paneli ya kulia ni mwanamke amesimama mlangoni mwa jiko, alfajiri, kikombe cha bati mkono mmoja, kidonge kwenye kiganja cha mwingine. Migomba nyuma yake ni ile ile ya paneli ya kushoto, mgomba kwa mgomba, nimeihamisha kwa karatasi ya kunakilia ili isipishane hata kidogo. Kushoto ni usiku, kulia kunapambazuka, na katikati yao bibi amekesha. Kiganja nimekichora tena na tena mpaka kikakaa kama anavyokikunjua mtu anayepokea komunyo mkononi. Atakayeliona ataliona, sitaliandika popote.

Nilipokuwa nikichora kiganja hicho nilikuwa na Keith Haring, msanii wa Marekani, kichwani. Alikufa kwa UKIMWI Februari 1990, New York, akiwa na miaka 31. Moja ya kazi zake za mwisho kabisa ni picha ya milango yenye paneli tatu kuhusu maisha ya Kristo. Aliichora kwa kisu kwenye udongo laini, bila kuchora kwanza kwa penseli, ikaja kumiminwa kwa shaba na kupakwa dhahabu nyeupe. Juu ya umati walioinua mikono kuna mtoto aliyebebwa na mikono mingi. Nakala zake ziko katika makanisa kadhaa, mojawapo Saint-Eustache, Paris. Yeye hakuzifikia dawa hizi za leo. Alizikosa kwa miaka michache tu, pamoja na mama yangu mdogo.

Julai

Bibi wa katikati amekaa. Sikuchora sura ya bibi yeyote wa kigango, ingawa wawili walijitolea, kwa sababu atakayechorwa atakuwa mtakatifu wa wenzake na atapata taabu. Nimechukua mikono ya mmoja, mabega ya mwingine, na namna bibi yangu mwenyewe alivyokuwa akikaa, mguu mmoja umenyooshwa kwa sababu ya goti. Mwanga wote wa paneli unatoka kwenye koroboi, na koroboi iko chini kabisa, kimo cha mtoto aliyelala. Kwa hiyo uso wake umeangazwa kutoka chini, na vivuli vinapanda juu ya ukuta wa udongo nyuma yake. Watoto ni saba. Mmoja hajalala, anamtazama.

Ukanda wa chini, kama ule wenye maziko kwenye picha ya Isenheim, nimeuacha. Badala yake fundi ameweka benchi fupi, mtu akae.

Agosti

Tumeifungua kwa mara ya kwanza mbele ya watu, hapa hapa karakana, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa kigango na wachache wengine. Niliwaomba mama wawili washike kila mmoja mlango wake. Nilitaka nijue kama wafunguaji watafungua kwa pamoja au mmoja baada ya mwingine, na sikuwaelekeza.

Walisimama kidogo wakitazamana. Yule wa kulia akaanza. Kidonge na alfajiri vikatokea kabla ya makaburi, bibi akaonekana nusu, watoto wanne tu. Kisha wa kushoto akafungua. Sikuwa nimeiwazia picha kwa mpangilio huo hata siku moja: uzima kwanza, halafu usiku uliotangulia. Nilikuwa nimeipanga kusomwa kushoto kwenda kulia, kama tunavyosoma. Nilipowauliza kwa nini ameanza wa kulia, alijibu kwamba wa kushoto alikuwa anajifuta machozi, akaona ampe nafasi.

Tumekubaliana iwe hivyo kila mara. Wa kulia anaanza, wa kushoto anafungua akiwa tayari.

Paroko alitaka funguo ikae ofisini kwake, kwa usalama. Wanawake wakaomba komeo tu, lisilo na kufuli, na siku zijulikane: Pasaka, tarehe 2 Novemba ya Marehemu Wote, tarehe 1 Desemba ya UKIMWI Duniani, na siku yoyote ambayo familia itaomba, bila kuulizwa sababu. Amekubali, na taa ya tyubu pia hataiweka.

Septemba

Vanishi haitapakwa sasa. Rangi ya mafuta niliyoweka kwenye uso wa bibi na kwenye kikombe bado ni mbichi chini, na vanishi ya mapema itaifungia unyevu na kuipasua. Itasubiri hadi mwakani, katikati ya Februari au Machi. Nitaipaka ikiwa mahali pake, kikanisani, na siku hizo milango itabaki wazi ili ikauke. Nimewaambia WAWATA mapema.

Lubugo halitapakwa kitu chochote. Litachakaa kwenye ukingo ambako mikono inashika, na likichanika litashonwa. Waliochelewa mwezi wa Aprili wameniuliza kama bado wanaweza kuja. Wanaweza, hata baada ya kutundikwa, sindano nitaiacha kwenye droo ya benchi.

Kabla ya Novemba yamebaki mambo ya kazi. Ukuta wa kikanisa ni wa tofali za kuchoma na plasta yake ni nyembamba, kwa hiyo uzito utabebwa na vyuma viwili vya pembe vilivyopitishwa hadi upande wa nje wa ukuta. Bawaba ya juu, mlango wa kushoto, inahitaji skrubu ndefu zaidi kwa sababu upande huo nyuzi ni nyingi na mlango umeongezeka uzito. Fundi anakuja Alhamisi.